Mawe Yaliyoanikwa Juani

Sura ya Saba

Redio ya Syokau haikuwa na mgongo. Kifuniko chake kilipotea zamani, na mawe yake mawili, betri zake, yaliyofungwa pamoja kwa plasta nyeupe ya hospitali, yalishikiliwa na kipande cha mpira wa baiskeli yasije yakadondoka. Inspekta Faki aliyaona mara tu alipoketi, akayatazama kama mtu anavyotazama kuku wa watu uani, kisha akayasahau. Siku mbili baadaye angejilaumu kwa hilo.

Syokau alijiwekea kidole mdomoni, akimwashiria anyamaze. Vifo vilikuwa vikisomwa. Fulani wa fulani, mwenyeji wa Mwingi, amefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Habari ziwafikie ndugu popote walipo. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, na kila jina lilipopita pasipo kuwa lile analolingoja, mabega yake yalishuka kidogo. Yalipokwisha yote akaizima redio upesi, maana mawe hayaokotwi.

"Kitendawili," alisema.

Faki alikuja kuuliza, si kuulizwa. Lakini alizaliwa Kitui mjini, nyuma ya msikiti, kwa baba aliyepanda kutoka pwani na shehena ya vitambaa asirudi tena, na alijua kwamba mama wa Kikamba akikutega, ukikataa, umekwisha kumtukana.

"Tega, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Hana mguu, hana jembe, na kila jioni anazika watu asiowajua."

Faki alijaribu usiku, akajaribu siafu, akajaribu serikali. Mama akatikisa kichwa mara tatu.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Mombasa."

"Mombasa sitaki. Imenimezea ndugu yangu Mutie, mwaka wa pili huu. Aliondoka anakohoa." Akaigonga redio kwa kucha. "Ndiye huyu. Mzikaji."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Syokau alikuwa mfagiaji wa ofisi katika kiwanda cha pamba nje ya mji, barabara ya kuelekea Zombe. Mwanawe wa pekee, Musyoka, alikuwa mpakaji mafuta wa mashine za kiwanda hicho hicho, na sasa alikuwa rumande wiki ya sita kwa shtaka la kumuua meneja, bwana Muthama, aliyepatikana kati ya marobota ya pamba na kulabu ya kuvutia marobota shingoni. Jumatatu Musyoka angesimama mbele ya jaji. Jaji akiamini yaliyomo kwenye faili, hukumu ni moja, nayo ina kamba.

Faili hilo Faki alilirithi kwa sajenti aliyehamishwa. Ndani yake mlikuwa na alama ya kidole gumba cha Musyoka chini ya maungamo marefu kuliko maneno yote ambayo Musyoka aliwahi kusema maishani mwake. Faki alikwenda kumwona rumande. Kijana alimgeuzia upande wa kulia wa kichwa ili amsikie. Sikio la kushoto lilizibwa na kofi siku ile ile aliyotia kidole.

Syokau alirudia aliyokwisha kumwambia sajenti. Alhamisi ile ya mauaji, mwezi wa Agosti, stima ilipokatika mchana, wafanyakazi wote waliachiliwa. Musyoka akaja nyumbani kumfungia ghala. Meneja alimwagiza arudi jioni amalize kupaka mafuta, stima iwepo isiwepo. Akaondoka habari za saa kumi zikiisha, vifo vikaanza kusomwa. Toka hapo hadi kiwandani ni mwendo wa dakika arobaini na kitu kwa miguu, na Musyoka hakuwa na baiskeli.

"Kwa hiyo alifika kama saa kumi na moja," alisema Faki.

"Kama saa kumi na moja. Nilimwambia yule sajenti. Akaandika, akacheka, akaenda kwa jirani. Jirani akamwambia redio yangu ni maiti tangu Krismasi."

"Ilikuwa maiti?"

"Siku ile ilisema."

"Mawe ulipata wapi?"

Syokau aliivuta leso begani, akaikaza pasipolegea.

"Mawe ni mawe, mwanangu. Kila duka linauza."

"Duka gani?"

Faki akaandika: shahidi anasita. Akaaga. Nje, juu ya bati la ghala, aliona mawe manne ya zamani yamepangwa kama mijusi, ubavu mmoja juani. Mama akamweleza pasipo kuulizwa kwamba jiwe likichoka ukaliotesha jua siku nzima, linaamka. Lakini nguvu yake ni ya mzee aliyeota moto, anasimama vizuri, hafiki mtoni.

*

Karani wa kiwanda aliitwa Kagure. Mezani kwake palikuwa na kasha la chuma la rangi ya majivu, na kutoka kwenye kasha ulikwenda waya hadi langoni, ambako kila mfanyakazi alitia kadi, taa nyekundu ikawa ya kijani, komeo likafunguka. Kasha liliandika nani na saa ngapi. Tangu liletwe, mlinzi wa mchana alifutwa kazi. Marehemu alisema mashine hailali wala haiendi haja.

Karatasi ya Alhamisi ilikuwa fupi. Baada ya watu kuachiliwa mchana, mistari ilikuwa mitatu tu. Mbuvi, mtunza stoo, ametoka 14:40. Musyoka ameingia 15:20. Musyoka ametoka 15:58. Kisha hakuna mtu hadi mlinzi wa usiku alipofika na ufunguo wake saa kumi na mbili jioni akamkuta meneja amekwisha poa.

Na katika faili mlikuwa na karatasi nyingine, ya posta: simu ya Muthama kwa mkewe, iliyounganishwa na opereta, imekwisha 15:48. Basi saa kumi kasoro dakika kumi na mbili meneja alikuwa hai anazungumza, Mbuvi alikwisha kwenda zake zaidi ya saa nzima, na aliyekuwamo ndani ni Musyoka peke yake, aliyetoka dakika kumi baadaye. Hata mtoto wa darasa la pili angejumlisha hivyo. Ndivyo sajenti alivyojumlisha.

Faki alishika kwanza uzi usiofika popote. Alimwuliza Kagure kama kuna aliyewahi kutega saa ya kasha kwa hesabu ya Kiswahili, akaandika saa nane penye 14. Kagure alicheka kidogo.

"Hiyo ingekosa saa sita kamili, Inspekta. Musyoka anasema kumi na moja, mashine inasema tisa na dakika ishirini. Ni saa moja na dakika arobaini. Hiyo si Kiswahili wala Kiingereza."

"Na saa hii hutegwa lini?"

"Ijumaa asubuhi, mimi mwenyewe. Nangoja ile milio ya redio ya saa mbili, naandika saa mpya, nabonyeza. Halafu ndiyo nachapa ripoti ya wiki."

"Ijumaa ile ilikuwa imekosea kwa kiasi gani?"

Kagure hakujua. Hakutazama. Alikuwa haangalii saa ya zamani, anaandika tu mpya juu yake. Na Ijumaa ile kila mtu alikuwa akilia.

Faki alitoka hapo akaenda kwa miguu hadi kituo kidogo cha stima mjini, akaomba daftari la hitilafu. Ilikuwa mstari mmoja, kwa kalamu ya bluu. Stima imekatika 13:10. Imerudi 15:30.

Aliusoma mara mbili. Kisha akaomba nakala yake.

*

Bwana Mbuvi sasa alikuwa kaimu meneja. Alimpokea Faki akiwa katika kiti cha marehemu, ambacho kilikuwa kirefu kwake, akaagiza chai. Alikuwa mtu wa maneno laini, mwenye kofia aliyoivua na kuivaa kila alipojibu.

"Nimesikia unamtembelea Syokau," alisema. "Mama mzuri. Lakini afande, mashine haina kabila, haina shangazi, haili rushwa. Kama polisi wote wangekuwa kama mashine ile."

"Kweli. Nakuja kumaliza karatasi tu. Siku ile ulitoka ofisini, ukapita langoni kwa kadi?"

"Kwa kadi. Muulize kasha."

"Nimeuliza. Linasema saa nane na dakika arobaini."

"Basi."

"Watu wengine walitoka mchana lango limeachwa wazi, maana stima haikuwapo. Wewe kadi ilifanya kazi vizuri? Haikukwama?"

"Haikukwama. Taa nyekundu, taa ya kijani, komeo likaruka. Nikaenda zangu."

"Taa uliiona."

"Kwa macho yangu haya."

Faki aliiandika sentensi hiyo pole pole, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Mbuvi alitia, yenye mkia mrefu. Chai ilipofika Faki alikuwa amekwisha kuaga.

*

Aliyeliunda kasha aliitwa Evanson Kang'ethe. Wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati kwa biashara wakakwama katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa, upande wa Makueni, na yeye alikuwa na duka huko la kutengeneza redio na, miaka ya karibuni, kompyuta mbili tatu za mashirika. Alifika Ijumaa na mkoba wa bisibisi na uso wa mtu asiyelala vizuri. Faki alimketisha mbele ya kasha, Kagure akiwa shahidi.

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako."

"Bibi yangu angeuliza maswali magumu zaidi," alisema Evanson. Akaeleza. Ndani ya kasha mna saa ndogo, chipu isiyozidi ukucha. Stima ikiwapo inakula stima. Stima ikienda, inakula mawe mawili, kama ya redio, yanayokaa kwenye kijumba nyuma, ili isisahau saa.

"Mawe hayo yanalisha lango pia?"

"Hapana. Lango linahitaji stima ya ukutani. Mawe ni ya saa na kumbukumbu ya kadi tu."

"Basi stima ikiwa imekatika, kadi haiwezi kuandikwa."

"Haiwezi. Sanduku zima limekufa, isipokuwa moyo."

Faki alimsogezea karatasi mbili kando kwa kando, ile ya kasha na ile ya kituo cha stima. Evanson alisoma. Kadi ya Mbuvi, 14:40. Kadi ya Musyoka, 15:20. Stima, hakuna hadi 15:30. Kagure naye alisoma kupitia begani kwake, na mkono wake ukaenda kinywani.

"Kadi mbili zimeandikwa na mashine iliyokufa," alisema Faki. "Tumsadiki nani, Kang'ethe, mashine au maiti?"

"Saa ilisimama," alisema Evanson, kwa sauti ndogo. "Mawe yaliishiwa nguvu katikati. Ilihesabu kiasi, ikalala. Stima iliporudi ikaendelea pale pale ilipolalia."

"Kwa hesabu ya Musyoka, imelala saa moja na dakika arobaini. Yaani mawe yaliibeba dakika arobaini tu, kutoka saa saba na kumi hadi nane kasoro kumi."

"Inawezekana."

"Na saa yako haijui kwamba ililala?"

Evanson alifuta jasho ambalo Faki hakuliona.

"Inajua."

Kagure alivuta kiti akaketi.

"Chipu ile ina bendera," alisema Evanson. "Si kitambaa, ni alama tu ndani yake. Nguvu ikishuka mno, bendera inapanda, na haishuki yenyewe. Ni kama saa inasema: nilizimia, msiniamini mpaka mnitege upya. Halafu kuna kipande cha programu, tunakiita dereva, ndicho kinachokwenda kwenye chipu kuuliza ni saa ngapi. Dereva mwenye adabu anaitazama bendera kwanza. Ikiwa juu, haandiki saa. Anaandika nyota badala ya saa, na kengele inalia mpaka karani aje."

"Na dereva wako?"

"Alikuwa na adabu. Mwaka jana. Ilikuwa stima ikikatika kutwa, nyota zinatoka, kengele inalia, watu wamejazana langoni. Bwana Muthama akaniita. Akasema hakununua mashine ili imwambie haijui. Akasema niondoe nyota la sivyo kasha nilibebe kichwani hadi kwetu."

"Ukaondoa."

"Niliandika mistari miwili. Mashine ikiwaka, jambo la kwanza dereva anaishusha bendera. Kisha anasoma saa, yoyote ile atakayoikuta."

"Bila kuuliza."

"Bila kuuliza."

Nje mashine za kuchambua pamba zilikuwa zikinguruma, na vumbi la pamba lilishuka taratibu juu ya kasha, kama linavyoshuka juu ya kila kitu mahali pale.

"Kwa hiyo marehemu mwenyewe," alisema Faki, "alilipa nauli yako uje umzibe mdomo shahidi wake."

Evanson alichukua bisibisi, akaona haihitajiki. Kijumba cha nyuma kilifunguka kwa ukucha. Akayatoa mawe mawili, akayapima kwa kidude chake. Sindano ikasimama vizuri, kisha mbele ya macho yao ikaanza kulala.

"Haya si yangu," alisema.

"Unajuaje?"

"Niliweka mapya mwezi wa tano. Ya kudumu miaka miwili. Na yangu huwa nayafunga pamoja kwa plasta nyeupe yasicheze. Haya hayana plasta."

Faki aliyapokea. Chapa ya jiwe moja upande mmoja ilikuwa nyekundu kama ilivyotoka kiwandani. Akaligeuza. Upande wa pili ulikuwa umepauka, waridi lililozeeka, ubavu mzima. Na la pili vivyo hivyo. Ndani ya kasha la chuma hamna jua.

Plasta nyeupe. Mpira wa baiskeli. Aliyaweka mawe mezani kwa uangalifu mkubwa, kama mayai.

"Ofisi hii hufagiwa na nani?" aliuliza, ingawa alijua. Kagure alimjibu, ingawa alijua kwamba anajua.

*

Mkuu wa kituo alisikiliza yote amesimama dirishani. Akaongeza saa moja na dakika arobaini kwenye kila mstari kwa penseli yake mwenyewe. Mbuvi ametoka saa kumi na dakika ishirini, zaidi ya nusu saa baada ya simu ya meneja kwisha. Musyoka ameingia saa kumi na moja kamili, ametoka kumi na moja na dakika thelathini na nane, akapaka mafuta banda la mashine huku bosi wake amelala banda la pili kati ya marobota. Mkuu aliisoma karatasi ya Mbuvi, yenye sahihi ya mkia mrefu. Taa uliiona? Kwa macho yangu haya. Na taa haiwaki pasipo stima. Akakiri ni kazi nzuri. Faki alikuwa amekwisha pata pia sababu: Muthama aligundua marobota yaliyonyunyiziwa maji yaongeze uzito, na stoo ilikuwa ya Mbuvi.

Lakini mkuu hakuketi.

"Wakili wa Mbuvi atauliza jambo moja tu, Faki. Mawe mabovu yalifikaje humo? Fundi anasema aliweka mazuri. Kasha limekaa wiki sita, kila mtu anapita. Atasema polisi ndio walioyatia ili kumwokoa Musyoka. Jaji atacheka, na maungamo yatabaki."

"Yupo anayejua."

"Basi mlete aseme."

"Ni mama yake mshtakiwa."

Mkuu aligeuka. Alikuwa mtu mzima, mwenye watoto.

"Yeye anajua?"

"Anajua alichokichukua. Hajui alichokifanya."

*

Jumamosi alasiri Syokau alikuwa uani akichambua kunde. Faki alikaa juu ya kinu kilicholazwa. Alikuja na maneno aliyoyapanga njia nzima, na alipoyatafuta hayakuwapo. Redio ilikuwa kwenye kigoda kati yao, mgongo wazi, plasta nyeupe imeanza kuwa ya kijivu pembeni.

"Kitendawili, mwaitu," alisema.

Mama akainua uso, akafurahi. Kwa wiki sita hakuna aliyemtega.

"Tega."

"Mgeni wangu alilala bila chakula. Alipoamka akaapa kwamba bado ni mchana, na watu wakamwamini."

"Mlevi."

"Siye."

"Ng'ombe wa machinjioni." Akacheka mwenyewe. "Siye. Ngoja, usinipe." Vidole vyake viliendelea kuchambua, kunde huku, mawe huku. "Analala bila chakula. Chakula chake ni kipi?"

"Mawe."

Vidole vikasimama.

Faki hakuongeza neno. Alikwisha hoji wezi, wauaji, na chifu mmoja, wala hakuwahi kuona mtu akitegua kitendawili hivyo, kipande kwa kipande, usoni. Mama aliitazama redio. Akalitazama bati la ghala, yale manne yaliyobaki juani. Akahesabu kwa midomo: sita, toa mbili.

"Saa," alisema mwishowe. "Ile ya ofisini."

"Ndiyo, mwaitu."

"Chakula chake nilikila mimi."

Ndipo akasema yote, na Faki akaandika. Nilikuwa napanguza vumbi, ni mwezi wa saba. Kijumba kikafunguka chenyewe. Nikaona mawe mapya yamelala humo, na sanduku lina waya wake ukutani. Nikasema, mwenye nyama haombi majani. Nilikuwa na Mutie kichwani. Akifa Mombasa, atanifikia kwa njia gani kama si kwa redio? Sikuiacha nafasi tupu, mimi si mwizi. Nikamwekea yangu mawili, yaliyoota jua siku tatu. Niliyajaribu kwa tochi. Yaliwaka.

"Yaliwaka," alisema Faki.

"Kama nisingeyachukua, mwanangu angekuwa nyumbani?"

Angeweza kusema mengi. Kwamba Muthama aliiziba saa mdomo. Kwamba fundi aliishusha bendera. Kwamba mwenye kulabu ni Mbuvi, na mwenye kofi ni sajenti. Yote yalikuwa kweli, na hakuna alilouliza kati ya hayo.

"Angekuwa nyumbani," alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitarajia.

"Anayetegua hapewi mji," alisema. "Na wewe umeteguliwa, hupati. Tumekosa wote."

Faki alimweleza kwamba atahitaji mawe yale, yaende mahakamani na plasta yake, kwamba ndiyo yatakayothibitisha pia redio ilikuwa hai siku ile na Musyoka aliondoka saa aliyosema. Syokau akaiwasha redio, habari za saa kumi zilikuwa zinaisha. Mama akainua kiganja: angoje wamalize kusoma. Wakasikiliza pamoja. Wa Makueni watatu, wa Mwingi mmoja, mama mmoja wa Nunguni aliyeacha watoto tisa. Mutie hakutajwa. Mtangazaji alipoaga, Syokau mwenyewe aliufungua mpira wa baiskeli, akayatoa mawe, akayapanguza kwa leso, akamkabidhi Faki kwa mikono miwili kama apasavyo kupewa mgeni.

Kisha akatia kidole gumba kwenye wino, na kwenye karatasi, chini kabisa, pale alipoonyeshwa.

"Atatoka Jumatatu?"

"Jaji akikubali."

"Na hii karatasi itasomwa."

Faki alisema anaweza kumwomba mwendesha mashtaka aifupishe. Si lazima kijana ajue kila kitu siku hiyo hiyo.

Syokau alikuwa amerudi kwenye kunde zake. Alitoa kijiwe kimoja kidogo, akakitupa nje ya ungo.

"Itasomwa kwa sauti, mwanangu," alisema. "Na lile sikio moja mlilomwachia linasikia vizuri."